Wauzaji wa mtandaoni wekeni bei hadharani, na wateja wakiuliza wajibuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wanaouza vitu mtandaoni, na makampuni makubwa pia maana nao wamo, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na naona badala ya kupungua ndo linazidi. Wateja tumechoka na "bei njoo inboksi".

Fungua Instagram sasa hivi utaona mwenyewe. Picha kali, mwanga mzuri, mziki umewekwa, kiatu kinazungushwa mpaka soli unaiona, maelezo chini yake "mzigo mpya umeshuka, wahi mapema", halafu bei hakuna, duka lilipo hakuna, saizi zilizopo hazijulikani. Ukishuka kwenye komenti watu kibao wameuliza bei na wote wamejibiwa herufi mbili tu, DM, yaani njoo tuongee kwenye ujumbe wa faragha. Mwingine kaulizia kama wanatuma Mwanza, kimya. Mwingine kaulizia duka liko mtaa gani Kariakoo, kimya. Mwenye peji yeye kashaposti mzigo mwingine na kaondoka zake. Mimi naona tatizo kubwa ni kwamba wengi wanadhani mtandao ni bango la barabarani, unalibandika na kwenda zako, wakati peji ni kaunta, mtu kasimama mbele yako anakuuliza na pesa anayo mfukoni.

Tuseme basi umekubali ukaenda hiyo DM. Mwezi wa kwanza shule zinafunguliwa nilikuwa natafuta begi la mtoto, nikaona la bluu limekaa vizuri, nikaandika, "Habari, naulizia bei ya lile begi la bluu." Kimya. Baadae sana, "Uko wapi mpenzi?" Nikasema Tabata. "Ok." Kimya tena. Jioni, "Unahitaji mangapi?" Moja, bei gani? Asubuhi yake ndo likaja jibu, "35, delivari juu yako." Yaani mazungumzo ya jana mpaka leo kwa ajili ya namba moja ambayo ingekaa pale chini ya picha toka mwanzo, na saa hiyo begi nilishanunua kwingine na mtoto kashaenda nalo shule. Huyo muuzaji mpaka leo anaweza akawa anajiuliza kwa nini watu wanauliza tu hawanunui.

Sasa mimi sitaki kuwaonea, wana sababu zao na baadhi nazielewa, maana dada yangu ana fremu ya madera na vitenge huku kwetu na peji yake naisimamia mimi, kwa hiyo naongea kama mteja na pia kama mtu wa upande wa kaunta.

Sababu ya kwanza ni cha juu. Kila anayeijua Kariakoo anawajua mawinga, hana duka ila anajua kila kitu kilipo, anakuchukua pale Msimbazi au mtaa wa Kongo anakupeleka mpaka kwenye mzigo na juu ya bei ya mwenye duka anaongeza yake. Ni kazi halali na vijana wengi wanaishi kwayo. Siku hizi winga kahamia kwenye simu, anapiga picha mzigo wa watu, anauposti kama wake, na bei haweki kwa sababu anataka akuangalie kwanza wewe ni nani, picha yako ya profaili ikoje, unakaa wapi, ukisema Masaki bei yake na ukisema Mbagala bei yake. Mteja anajua! Wateja hawa ni wale wale, wako kwenye magrupu ya mtaani, ya kanisani, ya vikoba, wanaoneshana skrinishoti. Siku wakigundua kitu kimoja wameuziwa bei tatu tofauti hawatakuja kugombana na wewe, watakaa kimya na hawarudi. Winga mwenye akili aweke cha juu chake humo humo kwenye bei aiandike wazi, mtu akiona inamfaa atalipa, maana hata huo muda na nauli ya kwenda kuzunguka Kariakoo ni gharama na watu wanaijua.

Sababu ya pili eti washindani wataona bei. Jamani mshindani anayetaka bei yako anamtuma mdogo wake DM anapewa dakika hiyo hiyo. Ukificha bei unamficha mteja, mshindani anayo.

Ya tatu ndo naisikia sana kwa vijana wanaojiita wataalamu wa mitandao, kwamba usipoweka bei watu watauliza, wakiuliza komenti zinakuwa nyingi, komenti zikiwa nyingi Instagram inaisukuma posti kwa watu wengi zaidi. Ni kweli mitandao hii inaangalia watu wanavyoshughulika na posti, hilo silipingi. Ila komenti za "bei?" "bei?" "bei jamani?" zisizojibiwa, mtu mpya akizikuta anaona nini? Anaona duka lisilojibu. Umesukumwa kwa watu wengi ili wengi zaidi waone hujibu. Kama unataka komenti uliza kitu cha maana, waulize wanataka rangi gani mzigo ujao, dada yangu aliwahi kuwawekea vitenge viwili akauliza nilete tena hiki au kile, watu walibishana humo siku nzima na oda zikaja.

Sababu ambayo naiheshimu ni ya wale wanaoagiza China na Dubai, dola ikipanda bei inabadilika, posti ya mwezi wa tatu mtu anakuja nayo mwezi wa saba anataka bei ile ile. Sawa, andika "bei ya wiki hii" na tarehe, au irekebishe tu, posti inaruhusu kuhaririwa maneno yake, haichukui hata dakika.

Na niseme kilichotokea kwetu tulivyoanza kuandika bei kwenye kila dera. Maswali yalipungua kidogo, dada akaogopa akasema umeniharibia. Lakini ukiangalia maswali yaliyobaki yalikuwa ya aina nyingine, ipo saizi ya mtu mnene, hiyo ya kijani imebaki, mnafunga saa ngapi, bodaboda mpaka Kinyerezi shilingi ngapi. Huyo ni mtu anayenunua, bei ashaikubali huko huko kwake kabla hajakusumbua. Wale waliokuwa wanauliza na kupotea walikuwa wanatumalizia muda na bando.

Nikupe mfano wa mtu anayejua hii kazi. Kuna mama hapa jirani anauza vitafunio, maandazi, sambusa, vitumbua, hana peji wala nini, ana WhatsApp tu. Kila siku baada ya magharibi anaweka status, kesho kuna hiki na hiki, kimoja shilingi kadhaa, oda mwisho saa tatu usiku, ukichelewa utakuta yaliyobaki. Asubuhi anaweka picha ya beseni lenyewe, sio picha ya kuchukua mtandaoni, beseni lake lile lile la bluu lenye ufa pembeni. Vikikaribia kwisha anaweka nyingine, vimebaki sambusa tu. Vikiisha anaandika vimeisha ahsanteni, na siku akiwa na msiba anasema sipiki mpaka Jumatatu. Watu wa maofisini wanamuagizia kabla hata hajawasha jiko. Hajasomea masoko popote, ila mteja wake haachwi hajui kitu.

Mwingine ni fundi wa fenicha kule Keko, yeye anatumia TikTok. Haimbi wala hachezi, anaweka simu pembeni anarekodi mbao inavyorandwa, anakuonesha maungio ya kitanda kabla hayajafunikwa, anasema huu ni mninga huu ni mkongo, futi 5 kwa 6 bei hii, 6 kwa 6 bei hii, ukilipa nusu siku kadhaa unachukua. Uzuri wa TikTok ni kwamba inawapelekea video hata watu ambao hawajakufuata, kwa hiyo fundi mwenye wafuasi wachache anaweza kuonwa na mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kukanyaga Keko. Na watu wanaogopa sana fenicha kwa sababu ya mbao mbichi na misumari iliyofichwa, yeye kaamua kuonesha kile wenzake wanachofunika. Tangazo zuri kuliko hilo mimi silijui.

Kwa hiyo vifaa vipo na vingi ni vya bure, tatizo hatuvitumii. WhatsApp Business ipo toka 2018 na unaipakua bure, ina katalogi unaweka picha, bei na maelezo ya kila bidhaa, mteja anaingia anaangalia mwenyewe hata saa nane usiku wewe umelala. Ina ujumbe wa salamu, ina ujumbe wa kusema sasa hivi tumefunga tutakujibu saa mbili asubuhi, ina majibu ya haraka ili yale maswali ya kila siku usiyaandike upya, ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo. Status inapotea baada ya saa 24, ndo maana bei zikae kwenye katalogi. Halafu ile brodikasti ya WhatsApp, yaani ujumbe mmoja unaoutuma kwa watu wengi kwa mkupuo, inamfikia tu yule aliyeisevu namba yako kwenye simu yake, wengi hawalijui hili, wanatuma tangazo wanashangaa halijibiwi, kumbe halijafika. Mwambie mteja siku ya kwanza anaponunua, isevu namba yangu uwe unaona mzigo mpya.

Na hizo namba za simu mnazoandika ndani ya picha hazibonyezeki, mtu inabidi aikariri au atafute kalamu, na linki ukiiweka kwenye maelezo ya posti ya Instagram nayo haifunguki. Weka kule juu kwenye maelezo ya peji, weka kitufe cha kupiga, weka na mahali duka lilipo kwenye ramani. Jiji hili la Dar es Salaam kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya milioni 5.3 na foleni mnaijua, hakuna mtu atatoka Chanika kuja Kariakoo kutafuta fremu kwa maelezo ya "tupo Kariakoo" peke yake. Andika mtaa, andika ghorofa ya ngapi, andika karibu na nini.

Sasa tuje kwenye uaminifu maana hapa ndo watu wanaumizwa. Watu wamepigwa sana mtandaoni, mpaka mwenye duka halali anaonekana tapeli. Picha inachukuliwa peji ya watu huko Uturuki, gauni linakuja jingine kabisa, kitambaa kama neti, ukilalamika unablokiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo, lakini nani ataenda tumeni kwa gauni moja? Kwa hiyo muuzaji mwaminifu inabidi ajitenge mwenyewe kwa vitendo. Piga picha mzigo wako mwenyewe hata kama mwanga sio mzuri, mkono wako uonekane, ukuta wa duka uonekane. Tumia lipa namba yenye jina la biashara, kwa sababu mteja akitaka kulipa jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri, likifanana na la peji moyo unatulia, likitokea jina la mtu mwingine kabisa anaghairi na ana haki. Wa hapa Dar mwache alipe mzigo ukifika. Wa mikoani, ukishapeleka parseli Mbezi pale Stendi ya Magufuli, mpigie picha mzigo ulivyofungwa na risiti ya basi, namba ya gari na ya ofisi ya kule anakopokelea, tuma hapo hapo bila kuombwa. Mtu wa Tunduma aliyetuma hela yake kwa mtu asiyemjua halali usingizi mpaka aione hiyo risiti.

Na likiharibika jambo, mteja akaja kulalamika hadharani kwenye komenti, usifute. Mjibu pale pale, pole, nimeona, nipe namba ya oda nishughulikie, halafu shughulikia kweli. Wanaosoma ni wengi kuliko aliyelalamika, wanataka kujua wao yakiwakuta utawafanyaje. Kitu kibaya zaidi ni kuposti skrinishoti ya mteja na namba yake ya simu kumuaibisha, hilo naliona mara kwa mara na linaniuma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa yake, kakupa kwa ajili ya mzigo, hajakupa uitangaze. Hata kumuingiza kwenye grupu la WhatsApp la "Ofa za Wiki" bila kumuuliza sio sawa, mtu anaamka anakuta yumo na watu mia asiowajua na wote wanaiona namba yake.

Makampuni na taasisi nazo nisiziache. Nyie mna idara nzima za mawasiliano, watu wameajiriwa, lakini peji zenu zimejaa picha za bosi anakata utepe, bosi anapokea tuzo, heri ya sikukuu hii na ile, wakati komenti za chini zote zinauliza kitu kimoja, huduma inarudi lini. Wiki kadhaa zilizopita kuna huduma moja ilikatika mtaani kwetu, siitaji ya nani, nikaenda kwenye peji yao nikakuta wameposti bonanza la wafanyakazi na komenti wamezifunga. Mtu hawezi kuuliza! Sasa peji ni ya nini? Andikeni basi mistari miwili, tatizo ni hili, mafundi wako mahali fulani, tunategemea saa fulani, tukichelewa tutawaambia. Wananchi sio wabishi kiasi hicho, mtu akijua umeme au maji yanarudi saa kumi anapanga mambo yake, kinachomkasirisha ni kuachwa gizani bila neno. Na yule kijana mnayemuweka kwenye peji mpeni mamlaka ya kujibu, maana wengi wanajua jibu ila hawaruhusiwi kuandika mpaka mkubwa asaini, na mkubwa yuko kwenye kikao.

Kununua wafuasi sina cha kusema sana, acheni, wafuasi elfu hamsini na laiki nane kila mtu anaelewa.

Lakini kuna jambo moja wengi hawalifikirii mpaka liwakute, nalo ni kuweka biashara yote kwenye mtandao mmoja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima, kwa hapa kwetu toka jioni mpaka usiku wa manane, na zote tatu ni za kampuni moja kwa hiyo ziliondoka pamoja. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua nchini siku kadhaa. Na bila hata hayo akaunti inadukuliwa tu siku moja unaamka mtu kashabadilisha paswedi anawaomba wateja wako hela. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo, ule unaodai namba nyingine ya siri juu ya paswedi, na namba za wateja wako waliokubali ziandike pia kwenye daftari, daftari la karatasi, ukikwama unatuma meseji ya kawaida. Dada yangu daftari lake lina majina, saizi na rangi wanazopenda, na wateja wake wa zamani kabisa anawapata kwa hilo hilo.

Ombi langu ni kwa halmashauri zetu za jiji na manispaa. Kabla ya kupewa ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi huwa vinapewa semina, katiba ya kikundi, kuweka kumbukumbu, marejesho. Ongezeni na siku moja ya simu, mtu atoke pale na katalogi yake imejazwa, bei zimeandikwa, ramani imewekwa, hatua mbili zimewashwa, wafanye pale pale mbele ya mkufunzi kwenye simu zao wenyewe, wasirudi nyumbani na makaratasi. Maafisa maendeleo ya jamii wa kata wanaweza kulisimamia, wengi wao ni vijana na wanazijua hizi programu kuliko sisi.

Na wewe Mhariri nakuomba, watume waandishi wako Kariakoo wakawaulize wenye maduka na mawinga kwa nini bado wanaficha bei, majibu yao muyachapishe hapa hapa, nitayasoma yote.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam